Gari inazima ikipata moto, ikipoa inawaka? Kabla ya kununua pampu, pima sensa ya kranki

Chukua mfano huu. Gari limetoka Dunda asubuhi, linaelekea Dar es Salaam. Kiromo limepita vizuri, Zinga vizuri, Kerege vizuri. Karibu na Mapinga, bila mlio wala moshi, injini inakata. Dereva anapiga starta. Starta inazunguka kama kawaida, lakini injini haishiki. Anafungua boneti, anaangalia, haoni kitu. Baada ya nusu saa, wakati anatafuta namba ya gari la kuvuta, anajaribu tena. Linawaka kama vile halijawahi kuumwa.

Kwa wanaoendesha magari ya Bagamoyo, stori hii si ngeni. Kinachofuata nacho si kigeni: inabadilishwa betri, halafu plagi, halafu koili, halafu pampu ya mafuta. Hela inatoka, na wiki ijayo gari linazima tena palepale.

Mara nyingi anayetakiwa kuchunguzwa ni kifaa kidogo chenye ukubwa wa kidole gumba, kinachokaa chini ya injini ambako macho hayafiki. Mafundi wanakiita sensa ya kranki. Sio kila gari linalozima njiani lina ugonjwa huu, na hapo ndipo wengi wanapopigwa. Wapo waliobadilisha kila kitu wakaiacha sensa, na wapo walionunua sensa wakati tatizo lilikuwa waya.

Hizi ni hatua za kujua ukweli kabla ya kufungua pochi.

Sensa ya kranki ni nini?

Hii si ile sensa ya watu na makazi ya mwaka 2022. Ila nayo kazi yake ni kuhesabu.

Ndani ya injini, pistoni zinapanda na kushuka. Zote zimeunganishwa kwenye chuma kimoja kinachozunguka, ndiyo kranki. Kompyuta ya gari inatakiwa kujua muda wote kranki imefika wapi kwenye mzunguko wake, ili iamue lini plagi itoe cheche na lini nozeli imwage petroli. Ikikosea kidogo, injini inagonga au inakosa nguvu. Ikikosa taarifa kabisa, inaacha kutoa cheche na mafuta.

Anayeipa taarifa hiyo ni sensa. Kwenye kranki kuna gurudumu la meno, na sensa imesimama pembeni yake, karibu kabisa lakini bila kugusana. Kila jino likipita, sensa inatuma mpigo mmoja wa umeme.

Mfano mzuri ni injini ya 1NZ-FE, inayopatikana kwenye baadhi ya Toyota IST zilizojaa barabara zetu. Gurudumu lake lina nafasi za meno 36, ila mawili yameachwa makusudi, yanabaki 34. Lile pengo ndilo alama. Kompyuta ikiona mipigo imeruka, inajua kranki imefika sehemu fulani, kisha inaanza kuhesabu upya.

Sasa piga hesabu. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 50 kwa sekunde. Kwa meno 34, sensa inatuma mipigo 1,700 kila sekunde. Hata gari likiwa limesimama kwenye sailensa, mipigo inakaribia 400 kwa sekunde. Ikikatika kwa muda mfupi tu, injini inashtuka. Ikikatika moja kwa moja, injini inazima.

Kwa nini inasumbua gari likipata moto?

Aina moja ya sensa hizi ina sumaku na koili ya waya mwembamba sana ndani yake. Inakaa kwenye mwili wa injini, kwenye joto, mtikisiko na mafuta, mwaka baada ya mwaka. Ikizeeka, waya ule unaweza kupata ufa ambao hauonekani.

Injini ikiwa ya baridi, pande mbili za ufa zinagusana na umeme unapita. Injini ikipata moto, vitu vinatanuka, ufa unaachia na mawasiliano yanakatika. Ukiacha gari lipoe dakika 20 au 30, waya unarudi kugusana, gari linawaka.

Ndiyo maana dereva akifika gereji anaonekana mwongo. Gari limepoa njiani, linawaka vizuri, fundi anasema halina tatizo. Kesho yake linazima tena.

Sensa za kisasa zenye saketi ya kielektroniki ndani nazo zinaweza kufa kwa namna hiyohiyo, joto likiigusa sehemu iliyochoka.

Na tatizo hili halianzii kwenye magari chakavu tu. Mwaka 2003, Nissan ya Japani ilitangaza kuyaita gereji magari zaidi ya milioni 2.5 duniani kwa sababu ya kasoro kwenye sensa ya aina hii, iliyoweza kufanya injini izime. Hayo yalikuwa magari ambayo hayajazeeka.

Dalili za kuangalia

Hakuna dalili moja inayotosha peke yake. Zikikutana mbili au tatu, sensa inaingia kwenye orodha ya watuhumiwa.

• Gari linazima ghafla likiwa la moto, linawaka likipoa.

• Starta inazunguka kwa nguvu, lakini injini haishiki hata kidogo.

• Mshale wa mzunguko wa injini kwenye dashibodi unarukaruka au unashuka hadi sifuri wakati gari bado linatembea.

• Injini inamisi au kushtuka bila mpangilio, halafu inatulia yenyewe.

• Taa ya njano yenye picha ya injini, ile ambayo wengi wanaiita chekenjini, inawaka. Wakati mwingine haiwaki kabisa, kwa sababu hitilafu ni ya muda mfupi mno.

Angalia pia linavyozima. Gari linalokufa kwa sababu ya mafuta mara nyingi linaaga: linakosa nguvu, linavuta kwa shida, linakohoa, halafu linazima. Likikatwa na sensa, linazima kama mtu amezungusha ufunguo.

Kranki au kemshafti?

Gari nyingi zina sensa nyingine inayofanana nayo, ya kemshafti. Kemshafti ndiyo inayofungua na kufunga valvu, na inazunguka mara moja wakati kranki imezunguka mara mbili. Sensa yake inaiambia kompyuta silinda ipi iko kwenye zamu.

Tofauti kwa dereva ni hii. Sensa ya kranki ikifa, gari nyingi haziwaki kabisa. Ya kemshafti ikifa, gari nyingi bado zinawaka, ila zinachukua muda mrefu kwenye starta, zinakosa nguvu au zinatumia mafuta vibaya, kwa sababu kompyuta inakuwa inabahatisha zamu za silinda.

Kwa hiyo kama gari lako linachelewa kuwaka asubuhi lakini likiwaka halizimi, usikimbilie ya kranki. Anza na betri, mafuta, halafu kemshafti.

Chumvi ya pwani nayo ina mkono wake

Kuna jambo linalowahusu zaidi watu wa Dunda na ukanda wote wa pwani. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi ikichanganyika na unyevu inakula chuma na shaba. Gari linalolala karibu na ufukwe, au linalobeba samaki kutoka sokoni na kudondosha maji ya chumvi, liko kwenye hatari zaidi ya soketi na waya kuliwa na kutu.

Sensa inatuma umeme mdogo sana. Kutu kidogo ndani ya soketi, ile ya rangi ya kijani au nyeupe kama unga, inatosha kuuzuia. Hapo sensa ni nzima, ila ujumbe wake haufiki.

Ongeza panya wanaotafuna waya gari likilala muda mrefu, mafuta ya injini yanayovuja mbele na kulowesha soketi, na madimbwi ya masika. Utaona kwa nini fundi makini anaanza na soketi kabla ya sensa.

Namna ya kupima, hatua kwa hatua

Hatua za mwanzo dereva anaweza kuzifanya mwenyewe. Za mbele zinahitaji fundi umeme wa magari mwenye multimita. Mpangilio huu umeanza na vitu vya bure.

1. Hakikisha betri ina nguvu. Betri nzima, gari likiwa limezimwa kwa muda, inasoma karibu volti 12.6. Betri ikiwa dhaifu, starta inazunguka polepole, na sensa ya koili inatoa umeme mdogo kuliko kawaida kwa sababu nguvu yake inategemea kasi ya meno. Unaweza kuilaumu sensa kumbe ni betri.

2. Tazama mshale wa mzunguko ukipiga starta. Kwenye magari mengi mshale unanyanyuka kidogo starta ikizunguka. Ukilala kwenye sifuri, kuna uwezekano kompyuta haioni kranki. Ila kuna magari ambayo mshale haunyanyuki hata yakiwa mazima, kwa hiyo usihukumu kwa hatua hii tu. Uzuri ni kuujua mshale wa gari lako unavyofanya siku za uzima.

3. Angalia cheche na mafuta, vyote viwili. Hapa ndipo wengi wanaporuka. Kama cheche zipo lakini mafuta hayafiki, shida iko upande wa pampu, rilei au chujio. Kama mafuta yanafika lakini cheche hakuna, angalia koili na waya zake. Lakini kama vyote viwili vimekosekana kwa wakati mmoja, tafuta kitu kinachotawala vyote viwili. Sensa ya kranki iko hapo. Umeme unaoingia kwenye kompyuta uko hapo, fyuzi zake pia, na mfumo wa kuzuia wizi unaotambua ufunguo.

Na kumbuka: kwenye gari nyingi pampu ya mafuta inaruhusiwa kufanya kazi mfululizo pale tu kompyuta inapoona injini inazunguka. Sensa ikinyamaza, pampu nayo inanyamaza. Ndiyo maana pampu nyingi nzima zinatupwa.

4. Soma misimbo ya hitilafu. Mafundi wanaiita kodi. Mashine ya dayagnosisi inachomekwa kwenye soketi iliyo chini ya usukani. Kinachohusu kranki ni P0335 hadi P0339. Cha kemshafti kinaanzia P0340. P0339 ni wa kuangalia sana, maana unasema ujumbe unakatika na kurudi.

Siku hizi kuna vifaa vidogo vinavyounganishwa na simu kwa bluetooth. Vinasaidia, ila baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayaelewani na vifaa hivyo. Kikigoma kusoma, usiseme gari halina hitilafu. Tafuta mashine nyingine.

5. Tazama mzunguko ukiwa hai kwenye mashine. Hii ina thamani kuliko kodi. Mtu mmoja apige starta, mwingine atazame skrini sehemu inayoonyesha mzunguko wa injini. Starta ikizunguka vizuri, namba inatakiwa isome, kwa kawaida mia moja na kitu au zaidi. Ikisoma sifuri wakati unaisikia starta, kompyuta haipati ujumbe wa kranki. Hapo umebakiza swali moja: ni sensa, ni waya au ni kompyuta?

6. Kagua soketi na waya. Zima gari, chomoa soketi ya sensa. Tafuta kutu, mafuta, pini iliyorudi nyuma na waya uliochunika. Safisha kwa spreyi ya kusafishia vifaa vya umeme, acha ikauke, rudisha. Kisha, injini ikiwa kwenye sailensa, tikisa waya taratibu kwa mti mkavu, mbali na mikanda na feni. Injini ikishtuka au kuzima unapotikisa, umempata mwizi, na dawa yake ni kutengeneza waya.

7. Pima sensa yenyewe. Kwanza hesabu waya zake.

Ikiwa na waya mbili, mara nyingi ni ya koili. Fundi anaweka multimita kwenye ohm na kupima pini mbili za sensa ikiwa imechomolewa. Kwa sensa nyingi za aina hii, kipimo ni kuanzia ohm mia kadhaa hadi elfu mbili na zaidi, na kila modeli ina kiwango chake kwenye kitabu cha mtengenezaji. Kipimo kisipoonyesha njia kabisa, koili imekatika. Kikikaribia sifuri, imeungua ndani na waya zimegusana. Kutoka kwenye pini yoyote kwenda kwenye bodi ya gari hakutakiwi kuwa na njia.

Ikiwa na waya tatu, mara nyingi ni ya kielektroniki. Hii haipimwi kwa ohm. Utapata jibu la uongo na unaweza kuiharibu. Fundi anapima umeme kwenye soketi, swichi ikiwa imewashwa: waya mmoja unaleta umeme, kwa kawaida volti 5 au 12 kutegemea gari, mwingine ni hasi, na wa tatu ni wa ujumbe. Umeme usipofika kwenye soketi, sensa haina kosa lolote.

8. Ipime ikiwa ya moto. Kwa ugonjwa wa kuja na kuondoka, hii ndiyo hatua inayotoa hukumu. Sensa ya koili ipimwe ikiwa ya baridi, namba iandikwe. Kisha ipashwe joto na ipimwe tena. Mafundi wengine wanaitoa kabisa na kuipuliza kwa drayer ya saluni huku multimita imeunganishwa. Namba kupanda kidogo ni kawaida, shaba ndivyo ilivyo. Namba ikirukaruka au ikipotea kabisa, kesi imeisha.

Njia nyingine ni kinyume chake. Gari likishazima likiwa la moto, ipoze sensa peke yake kwa kitambaa kilicholowa maji, dakika chache. Likiwaka wakati injini nyingine yote bado ni ya moto, umepata ushahidi mzito. Injini iwe imezimwa na ufunguo umetolewa unapoingiza mkono, na usimwage maji ya baridi kwenye injini ya moto. Ekzosi na chuma cha injini vinaunguza na vinaweza kupasuka.

P0335 sio maana yake "nunua sensa"

Hili linawaumiza wengi. Mashine inaonyesha P0335, mtu anatoa oda Ilala au Kariakoo siku hiyohiyo. Anafunga, kodi inarudi.

Kodi hii inasema njia nzima ya ujumbe wa kranki ina hitilafu. Ndani ya njia hiyo kuna sensa, soketi, waya, gurudumu la meno na kompyuta. Jino likivunjika, au unga wa chuma ukinasa kwenye sumaku, ujumbe unaharibika hata sensa ikiwa mpya. Sensa isipokaa sawa kwenye tundu lake, hasa baada ya kazi ya klachi, giaboksi au mkanda wa taimingi, umbali kati yake na meno unabadilika na ujumbe unadhoofika.

Kuna kodi nyingine inayodanganya zaidi: P0016. Hii inasema sensa ya kranki na ya kemshafti hazikubaliani. Wengi wanabadilisha zote mbili. Lakini mara nyingi zote mbili zinasema kweli, na kilichohama ni taimingi yenyewe: cheni imelegea, mkanda umeruka jino, au mfumo wa kurekebisha kemshafti umeziba kwa oili chafu. Kuendelea kuendesha gari la namna hiyo ni kuitafutia injini kifo, maana kwenye baadhi ya injini taimingi ikiruka zaidi, valvu zinagongana na pistoni.

Watuhumiwa wengine wenye dalili zilezile

Kabla ya kufunga kesi, fundi aondoe hawa kwenye orodha: pampu ya mafuta inayochoka ikipata joto, rilei yake, koili zinazokata zikiwa za moto, swichi ya ufunguo iliyolegea, na hasi ya injini iliyoliwa na kutu. Taa yenye alama ya ufunguo ikiwakawaka wakati gari linakataa, angalia ufunguo kwanza.

Gari lako lina sensa hii kweli?

Sio kila gari linayo. Dizeli za zamani zenye pampu ya kimakenika, kama Hiace zenye injini ya 3L au 5L, zinaendelea kuwaka bila kompyuta wala sensa ya kranki kuziamulia mafuta. Ukiambiwa Hiace yako ya 5L inazima kwa sababu ya sensa ya kranki, uliza maswali. Hizo zikizima, tafuta mafuta, hewa kwenye mabomba, chujio, au koili ya kuzimia iliyo kwenye pampu. Dizeli mpya zaidi kama 1KD-FTV ni za kompyuta, na hizo zinayo.

Bodaboda nazo zina ndugu wa sensa hii. Mafundi wa pikipiki wanaiita pulsa. Inakaa pembeni ya sumaku ya injini na kuambia saketi ya cheche lini ipige. Pikipiki inayozima ikipata moto na kuwaka ikipoa, pulsa inastahili kupimwa kwa mantiki ileile.

Ukishahakikisha: kununua na kufunga

Nenda dukani na sensa ya zamani mkononi, na soma namba iliyoandikwa juu yake. Kufanana kwa umbo hakutoshi. Sensa mbili zinaweza kuingia tundu moja na kuwa na soketi moja, lakini zikatofautiana ndani.

Sokoni kuna za aina tatu: mpya ya mtengenezaji, mpya ya kuigiza na ya mtumba. Ya mtumba imetoka kwenye gari lililozeeka kama lako, na inaweza kuwa na ufa uleule unaosubiri joto. Ukilazimika kuichukua, ipimwe baridi na moto hapohapo kabla ya kulipa. Boksi zuri lenye jina kubwa sio uthibitisho. Angalia uandishi, plastiki na pini.

Kufunga kwenyewe mara nyingi ni bolti moja. Hasi ya betri itolewe kwanza. Tundu lisafishwe, mpira wa duara upakwe oili kidogo, sensa isukumwe kwa mkono. Ikigoma, isigongwe kwa nyundo. Baadhi ya magari yanahitaji mashine kuifundisha kompyuta sensa mpya, kwa hiyo uliza kabla.

Baada ya hapo kodi zifutwe, na gari lijaribiwe hadi lipate moto wa kweli. Kuzunguka gereji mara mbili hakutoshi. Ugonjwa ulikuwa wa moto, dawa nayo ijaribiwe kwenye moto. Na ondoka na sensa yako ya zamani.

Likizima ukiwa barabarani

Hili ni la usalama. Kwenye barabara ya Bagamoyo kuna mabasi na malori yanayokuja kwa kasi, na ukipita Makurunge kuelekea Msata kuna vipande virefu visivyo na makazi. Injini ikikata gari likiwa kwenye mwendo:

• Shika usukani kwa nguvu. Pawa ikikatika unakuwa mzito, lakini bado unageuka.

• Usizungushe ufunguo hadi mwisho wala kuutoa. Usukani unaweza kujifunga.

• Kanyaga breki mara moja, kwa nguvu na bila kuachia. Ukikanyaga na kuachia mara nyingi, akiba ya nguvu inaisha na pedali inakuwa ngumu kama jiwe.

• Washa taa za hatari, teleza kushoto hadi nje ya lami, weka pembetatu nyuma kwa umbali wa kutosha.

• Abiria washuke upande wa kushoto na wasikae nyuma ya gari.

Gari lililozima mara moja kwa namna hii lisipangiwe safari ya usiku hadi lipimwe. "Litafika tu" ni neno lililowalaza wengi porini.

Maswali matatu ya kumuuliza fundi

Fundi mzuri hachukii maswali, mradi yaulizwe kwa heshima. Haya matatu yanatosha:

"Fundi, ukipiga starta, mashine inasoma mzunguko ngapi?"

"Umepima sensa ikiwa ya moto, au ya baridi tu?"

"Waya na soketi umezikagua?"

Majibu yakiwepo, pamoja na namba, mpe kazi na umlipe upimaji wake bila kunung'unika, maana ni kazi kama kazi nyingine. Majibu yakiwa ni "tubadilishe tuone", jua kwamba anayelipia kuona ni wewe.